Kusoma Kihispania kama meja Marekani: mwongozo kwa anayezungumza Kiswahili

Mwongozo huu ni wa kijana anayezungumza Kiswahili, yuko Marekani au yuko njiani kwenda, na anataka kusoma Kihispania kama somo kuu la shahada yake ya kwanza, yaani meja. Wapo waliofika na wazazi wao kutoka Uvira na Fizi baada ya miaka mingi kwenye kambi ya Nyarugusu, wakamalizia sekondari Louisville au Des Moines. Wapo waliotoka Nairobi, Mwanza au Kampala kwa viza ya mwanafunzi. Hali zao hazifanani, hasa kwenye ada na hati za kusafiria, kwa hiyo zinapotofautiana nitasema.

Msimamo wangu nautoa mapema. Vitabu vya Kihispania vinavyotumika vyuoni Marekani karibu vyote vimeandikiwa mtu ambaye lugha yake ya pekee ni Kiingereza. Wewe si mtu huyo. Kiswahili kimeshakupa sauti, mpangilio wa vitenzi na mazoea ya upatanisho ambayo mwenzako aliyekulia Ohio atayahangaikia muhula mzima na zaidi. Ukilijua hilo, na ukaipanga miaka yako minne kuanzia mwisho kurudi mwanzo, Kihispania ni meja nzuri sana.

Hatua ya 1: Amua unataka kikufikishe wapi

Swali la kwanza utakaloulizwa nyumbani ni "Sasa hicho Kihispania kitakusaidia nini?" Ni swali la haki. Mzazi anayefanya kazi zamu za usiku ili usome anastahili jibu lililonyooka, na jibu lenyewe lipo. Zaidi ya watu milioni 40 nchini Marekani wanazungumza Kihispania nyumbani kwao. Hospitali, shule, mahakama, benki na ofisi za serikali zinahitaji watu wa kuzungumza nao kila siku.

Ualimu ndio njia iliyonyooka kuliko zote. Majimbo mengi yana upungufu wa walimu wa lugha za kigeni, na Kihispania ndiyo lugha ya kigeni inayofundishwa zaidi kwenye shule zao. Ukitaka njia hii, ulizia mapema mpango wa chuo chako wa kuandaa walimu, kwa sababu una kozi zake za ualimu na muhula wa mazoezi darasani, na leseni hutolewa na jimbo. Mwanafunzi anayekumbuka ualimu mwaka wa nne huongeza mwaka wa ada bila sababu.

Ukalimani ni njia ya pili, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee. Mahakama za shirikisho za Marekani kwa sasa zina mtihani wa cheti cha mkalimani kwa lugha moja tu, nayo ni Kihispania. Kwa hospitali, bodi inayojulikana kwa kifupi CCHI hudai angalau saa 40 za mafunzo ya ukalimani wa afya kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wake. Sasa fikiria hospitali ya mji wenye wakimbizi wengi wa Kongo. Mtu mmoja anayeweza kumhudumia mama wa Guatemala asubuhi na mama aliyetoka mji wa Baraka, Kongo, mchana, kwa lugha zao wenyewe, ni mtu wa kutafutwa.

Njia ya tatu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, ni meja mbili: Kihispania pamoja na uuguzi, ustawi wa jamii, uhasibu, afya ya jamii au kompyuta. Meja ya Kihispania kwa kawaida huchukua krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, 30 hadi 36 kati ya 120 za shahada nzima, kwa hiyo nafasi ya meja ya pili ipo ukiipanga tangu mwaka wa kwanza. Uuguzi ndio una ratiba ngumu zaidi. Ongea na idara zote mbili kabla hujaahidi kitu.

Kwa aliyeko kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hili ni muhimu mno. Kwa utaratibu uliopo, baada ya kuhitimu unaruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yako kwa miezi 12 kupitia OPT, ruhusa ya kufanya kazi kwa muda ukiwa na viza hiyo. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Kihispania peke yake hakimo kwenye orodha hiyo. Kama miezi hiyo ya ziada ina uzito kwako, meja ya pili iwe takwimu, kompyuta au nyingine iliyomo, na uhakikishe na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuchagua.

Hatua ya 2: Fanya mtihani wa kupima kiwango kwa uaminifu

Kabla ya muhula wa kwanza kuanza, idara ya Kihispania itakupa mtihani wa kupima kiwango, mara nyingi kwenye kompyuta. Wanafunzi wengine hujifanya hawajui ili wapangwe darasa rahisi wapate A. Usifanye hivyo. Vyuo vingi humpa mwanafunzi krediti za kozi alizoruka akianza juu na kufaulu vizuri kozi hiyo ya juu, na kila kozi uliyoruka ni ada uliyookoa.

Kama ulijifunza Kihispania sekondari au kazini, angalia pia CLEP, mtihani unaokupa krediti bila kusoma kozi yenyewe. Alama zake huanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi hutoa krediti ukipata 50, kisha krediti zaidi ukipata alama ya juu ya hapo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ada ya kozi moja. Uliza kwanza chuo chako kinakubali alama ngapi na kwa kozi zipi.

Uliza jambo lingine hapo hapo: je, Kiswahili chako kinaweza kutimiza sharti la lugha ya kigeni kwa meja yako ya pili? Vyuo kadhaa huwaondolea sharti hilo wanafunzi waliosoma shuleni kwa lugha isiyo Kiingereza. Chukua cheti chako cha darasa la saba au cha sekondari, kionyeshe. Mshauri wa masomo hatakuuliza hilo yeye mwenyewe.

Hatua ya 3: Ijue ngazi ya kozi na uhesabu mihula

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo chukua karatasi uandike.

Kozi za lugha za mwanzo huwa nne, zikifuatana: mbili za mwaka wa kwanza, zenye namba kama 101 na 102, na mbili za mwaka wa pili, 201 na 202. Ukishapangwa pa kuanzia, huwezi kuruka moja ukasoma inayofuata. Baada ya hapo inakuja kozi ya daraja, ya uandishi na usomaji, inayokutoa kwenye mazoezi ya kitabu na kukuingiza kwenye makala, hadithi fupi na insha za kurasa kadhaa. Kisha kozi za juu zenye namba za 300 na 400: sarufi ya juu, fonetiki, utamaduni wa Hispania, utamaduni wa Amerika ya Kilatini, fasihi, isimu, ufasiri, Kihispania cha afya au cha biashara. Mwishoni kuna semina yenye tasnifu ndogo.

Hesabu sasa. Ukianza 101 muhula wa kwanza kabisa, unamaliza 202 mwisho wa muhula wa nne. Kozi ya daraja ni muhula wa tano. Mihula inayobaki ni mitatu, na meja nyingi hudai kozi saba au nane za juu. Inawezekana, lakini hakuna nafasi ya kuteleza. Ukichelewa muhula mmoja kuanza, umeshaondoa uwezekano wa kwenda ng'ambo au wa kumaliza kwa miaka minne. Kwa hiyo Kihispania huanza muhula wa kwanza, hata kama bado hujatangaza meja.

Kiangazi ndicho kinachofungua nafasi. Vyuo vya jamii hufundisha kozi hizo nne za mwanzo kwa ada ndogo sana kuliko chuo kikuu, na baadhi hubana kozi mbili kwenye kiangazi kimoja. Mwanafunzi anayeanzia chuo cha jamii kwa miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo huokoa fedha nyingi, na shahada atakayopata haina tofauti. Sharti ni moja: kabla ya kulipa, pata kwa maandishi, barua pepe inatosha, kwamba chuo kikuu unachokwenda kitazitambua kozi hizo kwa majina na namba. Kozi za juu karibu zote utatakiwa kuzisomea kwenye chuo kitakachokupa shahada.

Wenye grini kadi na wakimbizi wajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, kila mwaka, mapema. Mwenye F-1 hapati msaada huo wa serikali. Yeye atafute ufadhili wa chuo chenyewe na wa idara. Idara za lugha huwa na tuzo ndogo ndogo ambazo waombaji wake ni wachache kwa sababu hakuna anayesoma tangazo lake.

Hatua ya 4: Jifunze Kihispania ukitokea Kiswahili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida yako kubwa.

Anza na sauti. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu. Mwenzako wa Kiingereza atavuta "no" iwe "nou" kwa miaka. Wewe utaitamka sawasawa siku ya kwanza. Herufi ñ ni "ny" ya nyumba. Herufi d ikiwa katikati ya irabu, kama kwenye *nada* na *todo*, hulegea ikakaribia "dh" ya dhahabu. Herufi g ya *amigo* na *lago* hulegea ikakaribia "gh" ya ghali. Herufi j, na g mbele ya e au i, kwa Hispania na Meksiko ni ile "kh" anayoitamka mzee wa pwani anaposema "kheri". Visiwa vya Karibiani huwa "h" nyepesi. Na z ya Hispania, sehemu kubwa ya nchi, ni "th" ya thelathini, wakati Amerika ya Kilatini ni "s". Ukifika kozi ya fonetiki, profesa atatumia wiki kadhaa kufundisha "gh" na "dh" hizo. Wewe mpe mifano ya Kiswahili. Atafurahi, na darasa litakufahamu.

Pa kuangalia ni r na l. Kuna wazungumzaji wa Kiswahili wanaozichanganya, na Kihispania hakisamehe: *pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, *perro* yenye r ya kuviringisha ni mbwa. Rekodi sauti yako kwenye simu ukiyasoma maneno hayo matatu, sikiliza, rudia, kila siku mpaka sikio lenyewe liridhike.

Mkazo nao unakuja kirahisi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho hufanya hivyo kwa neno linaloishia na irabu, n au s: *mesa*, *hablan*. Likiishia na konsonanti nyingine mkazo huenda mwisho: *hablar*, *ciudad*. Penye kuvunja kanuni huandikwa alama: *café*, *árbol*, *médico*. Alama hizo si mapambo. *Hablo* ni "nasema". *Habló* ni "alisema". Kialama kimoja kimebadilisha mtu na wakati. Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, kwa kuzoea mkazo usiohama, husoma *habló* kama *hablo* na kupoteza maksi kwenye kila insha.

Sasa vitenzi. Mwenzako wa Kiingereza hufundishwa kwa taabu kwamba *hablo* haihitaji kiwakilishi mbele yake. Wewe husemi "mimi nasema" ila ukitaka kusisitiza. Kihispania ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba alama ya mtu iko mwisho wa kitenzi badala ya mwanzo. Wakati uliopita wa namna mbili, unaotesa madarasa mazima, unao tayari: *leí* ni "nilisoma", *leía* ni "nilikuwa nasoma" au "nilikuwa nikisoma". Ukipewa aya ya kujaza, itafsiri kichwani kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, na mara nyingi jibu litajitokeza.

Halafu kuna mlima wa kozi ya 202, namna ya kitenzi wanayoiita *subjuntivo*. Sikiliza: "Nataka aje." *Quiero que venga.* "Ni lazima usome." *Es necesario que estudies.* Kile kiishio cha -e tunachokitumia baada ya kutaka, kuomba, kuamuru na kulazimu ndicho ndugu yake. Kiingereza kimebakiwa na mabaki tu ya namna hiyo, ndiyo maana kitabu chako kinaieleza kwa kurasa thelathini. Tahadhari: mahali pengine Kiswahili hakitakusaidia. Baada ya shaka tunasema "sidhani kama atakuja", bila -e, lakini Kihispania ni *no creo que venga*. Na "utakapofika" ni *cuando llegues*. Kwa hiyo yaliyobaki ya kukariri ni sehemu mbili: shaka na hisia upande mmoja, viunganishi vya wakati ujao upande wa pili.

Nyingine mbili zinazonipendeza zaidi ya zote. Kihispania huweka *a* mbele ya mtu anapokuwa yambwa: *veo la casa*, lakini *veo a María*. Sisi nasi husema "naona nyumba" lakini "namwona Maria". Lugha zote mbili zimeona haja ya kumtenga mtu na kitu mahali pale pale kwenye sentensi. Na *me gusta el café*, *me gustan los libros*: anayependa si mtenda, kinachopendwa ndicho kinachoongoza kitenzi. "Kahawa inanipendeza." "Vitabu vinanipendeza." Ukiikariri *gustar* kama "kupendeza" na si kama "kupenda", hutaikosea tena.

Upatanisho wa jinsi usikutishe. Aliyekua akisema "kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri" hashindwi na makundi mawili, la kiume (*el*) na la kike (*la*). Jifunze kila nomino na *el* au *la* yake, na ziandike pembeni zile zinazodanganya: *el problema*, *la mano*, *el agua fría*. Tatizo letu halisi liko kwa watu. Kiswahili kina "yeye" mmoja, kwa hiyo *él* na *ella*, *hermano* (kaka) na *hermana* (dada), hututeleza tukizungumza haraka. Zoezi linalosaidia ni kusimulia habari za familia yako nzima kwa sauti, dakika tano, ukibadilisha kati ya wanaume na wanawake.

Anayejua Kifaransa, kama wengi wa Kongo, ana msamiati mkubwa wa bure, na mitego. *Salir* kwa Kihispania ni kutoka; kwa Kifaransa ni kuchafua. *Subir* ni kupanda. Kwa Kifaransa ni kupatwa na jambo. *Largo* ni ndefu, wakati *large* ya Kifaransa ni pana. Tunga orodha yako ya namna hii kadiri unavyokutana nayo.

Hatua ya 5: Sema nje ya darasa

Darasa la saa tatu kwa wiki halimfanyi mtu azungumze. Vyuo huwa na meza ya mazungumzo ya kila wiki na maabara ya lugha. Nenda hata ukiwa na maneno machache. Wengi wetu pia tuna kazi ya pembeni ghalani, hotelini, jikoni au kiwanda cha nyama, mahali ambapo wenzetu kazini wametoka Meksiko, Honduras au Guatemala. Hao ndio walimu bora utakaowapata. Waambie unasoma Kihispania na uwaombe wakusahihishe. Mtu mzima mwite *usted*, "wewe" ya heshima, mpaka akwambie vingine. Heshima hiyo unaijua tangu utoto, na kwao inasikika vizuri kama shikamoo kwetu.

Darasani utakutana na wanafunzi waliokulia kwenye nyumba za Kihispania. Wanasema kwa kasi, na wanafunzi wengine huwaogopa. Idara nyingi zina mkondo wao maalumu kwa kuwa mahitaji yao ni tofauti: mara nyingi wanajua kusema kuliko kuandika. Kaa karibu nao, mbadilishane. Wewe msaidie kwenye alama za mkazo na istilahi za sarufi, yeye akusaidie na masikio.

Hatua ya 6: Kozi za fasihi zisikushike ghafla

Meja ya Kihispania si kozi ya kuzungumza tu, na wanaoingia wakidhani hivyo huhama mwaka wa tatu. Utasoma maandishi ya karne ya 16, na utafika kwa Cervantes, ambaye Don Quijote yake ilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na 1615. Kihispania hicho kinasomeka, lakini polepole.

Mbinu ninayoiamini ni kusoma mara tatu. Mara ya kwanza bila kamusi, ukitafuta nani, wapi na nini kimetokea. Mara ya pili tafuta maneno yanayojirudia tu. Mara ya tatu chukua kalamu uweke alama kwenye sentensi mbili au tatu ambazo utazizungumzia darasani, na uandike swali moja kwa Kihispania. Kurasa kumi kwa njia hii huchukua jioni nzima mwanzoni. Panga ratiba yako hivyo, hasa kama una zamu.

Insha andika moja kwa moja kwa Kihispania, hata kama sentensi ni fupi. Anayeandika kwanza kwa Kiingereza kisha akatafsiri hutoa sentensi ambazo profesa anazitambua kwa mbali. Na mashine za kutafsiri zitakunyima kile ulicholipia; vyuo vingi pia huhesabu kuzitumia bila ruhusa kuwa ni udanganyifu.

Ukifika kwenye tasnifu, nakuomba uitazame Afrika. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, ina waandishi wanaoandika kwa Kihispania, na ni maprofesa wachache Marekani wanaowafundisha. Mfano ni María Nsué Angüe, ambaye riwaya yake Ekomo ilitoka mwaka 1985. Umoja wa Afrika nao unatambua Kihispania na Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mwanafunzi anayejua ndoa ya mitala, matanga na wazee wa ukoo kwa kuyaishi anasoma riwaya kama hiyo kwa jicho ambalo darasa zima litamtegemea.

Hatua ya 7: Muhula wa ng'ambo, na hati zake

Kama kuna kitu kimoja cha kutokuacha, ni hiki. Muhula mmoja katika nchi inayozungumza Kihispania ndio unaokutoa kwenye Kihispania cha kufikiri kila neno. Anza maandalizi mwaka mzima kabla.

Uliza ofisi ya masomo ya ng'ambo ni programu zipi za kubadilishana wanafunzi, zile ambazo unalipa ada ya chuo chako mwenyewe. Msaada wa FAFSA unaweza kutumika kwenye programu iliyoidhinishwa na chuo chako. Aliye raia wa Marekani na anapata Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aombe ufadhili wa Gilman, unaofika dola 5,000. Mahali pa kwenda pachague kwa gharama na kwa aina ya watu utakaofanya nao kazi baadaye. Salamanca, Hispania, wenye chuo kilichoanza mwaka 1218, ni mji mzuri wa kusomea. Lakini kama unataka kuwa mkalimani wa hospitali Texas, muhula wa Meksiko au Kostarika utakusaidia zaidi. Buenos Aires utasikia *vos* badala ya *tú* kwa maana ya "wewe", na utazoea.

Kaa na familia, usikae na Wamarekani wenzako. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wanaorudi na picha nyingi na Kihispania kile kile.

Sasa hati, kwa sababu ofisi nyingi zimezoea wanafunzi wenye pasipoti ya Marekani na hazitakwambia haya. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo atahitaji viza ya mwanafunzi ya Hispania kwa masomo ya zaidi ya siku 90, akiiomba kwenye ubalozi mdogo unaohudumia jimbo analoishi, pamoja na barua ya chuo, bima, uthibitisho wa fedha na uthibitisho wa ukaaji halali Marekani. Miadi hujaa haraka. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131, na huchukua miezi. Iombe kabla hata hujachagua programu. Usisafiri kwa pasipoti ya nchi uliyoikimbia bila kwanza kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye grini kadi anayesubiri uraia achague programu ya muhula mmoja, kwa sababu kukaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo huleta maswali kuhusu ukaaji wako unapoomba uraia. Mwenye F-1 apate saini ya kusafiri kwenye I-20, hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake, na aangalie kama viza yake ya kuingilia Marekani bado hai.

Kama hali haikuruhusu kutoka nchini, kuna shule ya lugha ya kiangazi ya Middlebury, Vermont, ambako wanafunzi hutia saini ahadi ya kutozungumza lugha nyingine kwa muda wote wa masomo. Ni ghali, lakini ina ufadhili. Wakati mwingine muhula wa kujitolea kwenye kliniki ya mtaa wa wanaozungumza Kihispania, bila kufungua mdomo kwa Kiingereza, hukaribia kufanya kazi ile ile.

Hatua ya 8: Vyeti vya mwaka wa nne

Transkripti, yaani orodha ya kozi na maksi zako, inaonyesha ulisoma, haionyeshi unajua kiasi gani. Mwajiri wa shule atataka OPI, mahojiano ya mdomo ya hadi nusu saa yanayopimwa kwa vigezo vya ACTFL, baraza la ufundishaji wa lugha za kigeni Marekani. Majimbo mengi huwataka walimu wafike daraja la Advanced Low, ngazi ya kwanza ya kiwango cha juu. Ifanye muhula wa saba, ili ukipungukiwa ubaki na muhula wa kurudia. Ukifikiria kazi au masomo nje ya Marekani, chukua DELE, cheti cha Kihispania cha Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania, yenye ngazi kutoka A1 hadi C2 na isiyokwisha muda. Lenga B2 au C1. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, ni ya haraka zaidi, kwa kompyuta, lakini matokeo yake hudumu miaka mitano.

Barua za mapendekezo omba kwa maprofesa wawili waliokufundisha kozi za juu, miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, ukiambatisha insha yako bora na maelezo mafupi ya unachoomba. Mwenye pasipoti ya Marekani au Kanada anaweza kuomba mwaka wa kuwa msaidizi wa lugha kwenye shule za Hispania kupitia programu ya serikali ya Hispania. Maombi hufunguliwa majira ya baridi kabla ya kuhitimu.

Kwenye wasifu wako wa kazi andika lugha zote na kiwango cha kila moja: Kihispania na alama ya OPI, Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, na Kibembe au Kikikuyu kama unakijua. Kiswahili usikiache chini kabisa. Kiweke mstari mmoja na Kihispania.